Zelewski anarudi Kilwa salama kila mara: tumekosea wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi na wadogo zangu wawili, hapa Iringa, tunacheza vita vya mezani kwa sanamu ndogo za milimita 28. Tumeunda pambano la Lugalo la 1891, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, dhidi ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kwa kutumia kanuni za vita vya kikoloni tulizopakua mtandaoni. Meza yetu ni sentimita 180 kwa 120, na tumekubaliana kwamba sentimita 1 ni mita 5. Askari wa Wajerumani ni sanamu 32, Wahehe ni 60. Tunapanga jeshi moja huku na jingine kule, sentimita 90 katikati. Mhehe anakwenda sentimita 15 kwa zamu. Kila askari anarusha dadu moja, na ikitoka 5 au 6 mtu ameanguka. Tumecheza mara 7 na mara zote 7 Wahehe wameisha kabla hawajafika. Mdogo wangu mmoja anataka tuongeze Wahehe, mwingine anataka tupunguze makali ya bunduki. Nani yupo sahihi? Halafu bibi yetu amesema tunachezea maiti za watu. Hilo nalo linatukosesha raha.

Jibu: Marahaba, wajukuu zangu. Kati ya wadogo zako hakuna aliye sahihi. Bunduki ziacheni zilivyo, na sanamu msiongeze hata moja. Kosa lenu liko kwenye futi kamba.

Tupige hesabu pamoja. Sentimita 90 kwa mwendo wa sentimita 15 ni zamu 6. Askari 32 wakirusha dadu kila zamu, theluthi moja ya dadu zinaua. Mara 32 kwa zamu 6, gawanya kwa 3, unapata 64. Nyinyi mna Wahehe 60. Yaani hata kabla hamjatoa sanamu kwenye kasha, karatasi imeshasema kwamba Wahehe wote wamekufa na risasi 4 zimebaki. Mnaweza kucheza mara 70 na jibu likawa lilelile. Hapo hakuna mchezo, kuna kujumlisha na kutoa.

Sasa rudini kwenye kipimo chenu wenyewe. Sentimita 90 ni mita 450. Mmewapa Wahehe kazi ya kukimbia karibu nusu kilomita uwandani, mchana kweupe, wakielekea mistari ya bunduki iliyokwisha kujipanga. Hakuna kiongozi wa Kihehe aliyekuwa na akili timamu ambaye angekubali kazi hiyo, na Mkwawa hakuikubali. Asubuhi ya 17 Agosti 1891 watu wake walikuwa wamelala nyuma ya mawe na vichaka kandokando ya njia, umbali wa hatua makumi machache tu. Tufanye mita 30. Kwa kipimo chenu hizo ni sentimita 6, chini ya nusu ya mwendo wa zamu moja. Askari waliobahatika walifyatua risasi moja au mbili, kisha mkuki ukawa umefika.

Rudieni hesabu kwa sentimita 6. Zamu moja ya bunduki, na tuseme nusu ya askari ndio waliogeuka upande sahihi kwa wakati: dadu 16, wanaanguka Wahehe 5 au 6. Wamebaki zaidi ya 50, na sasa wapo kifuani kwa adui. Hamjabadilisha dadu, hamjaongeza mtu. Mmewaondoa Wahehe mahali ambapo hawakuwepo.

Naomba nikae kidogo hapa, maana ndipo penye kiini cha jambo. Kanuni nyingi za vita vya kikoloni zimeshonwa kwa mwili wa vita vya aina ya Omdurman. Kule Sudan, 2 Septemba 1898, wafuasi wa Khalifa, mtawala wa Sudan, wapatao 50,000 walivuka uwanda mtupu kuelekea jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener lililokuwa na mizinga, bombomu (bunduki za rasharasha) na mashua za kivita zilizotia nanga kwenye mto Nile. Walikufa zaidi ya 10,000, na wengi wao hawakumsogelea adui kiasi cha kumwona uso. Mtunzi wa kanuni akiishika siku ile kama kipimo cha kila siku, mwenye mkuki anapewa kazi moja tu: kukimbia mbele na kufa. Kanuni inampa miguu na kumnyima kichwa. Uamuzi wote, wa kugawa kikosi, wa kuchagua kilima, wa kufyatua au kuokoa risasi, upo mkono wa anayechezesha Mzungu. Anayechezesha Mwafrika anasukuma sanamu kama anayesukuma mchele kwenye ungo. Ndiyo maana wadogo zako wanabishana juu ya idadi: idadi ndiyo kitu pekee ambacho kanuni zimewaachia Wahehe.

Na wakati mwingine kanuni hizo zinaongeza tusi juu ya jeraha. Zipo zinazosema Mhehe, Mzulu au Msudani akifa sanamu yake irudishwe ukingoni mwa meza ije tena, zamu baada ya zamu, kana kwamba watu hawa wanachotwa kisimani. Kama zenu zina kifungu hicho, kifuteni leo. Aliyeanguka Lugalo alikuwa na mke, na shamba lake halikulimwa msimu uliofuata.

Kwa hiyo badilisheni mahali mchezo unapoanzia. Nyinyi mnaanza risasi ya kwanza inapolia. Lugalo iliamuliwa kabla ya risasi ya kwanza, na mchezo wa Lugalo lazima uanze humo, kwenye mwendo wa msafara.

Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, hakuwa mgeni wa fujo. Ndiye aliyekuwa Pangani 1888, wakala wa kampuni ya Wajerumani, alipotaka bendera ya kampuni ipandishwe kwa ubavu, na ubabe wake ukachangia kuwasha vita vya Abushiri. Miaka 3 baadaye alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, akipandisha bara kutoka Kilwa na kombania 3: askari wapatao 320, Wazungu kumi na kitu, wapagazi 170 hivi, punda, mizinga na bombomu. Njiani alichoma makazi ya Wahehe. Watu wa ngao na mikuki hawakumtisha, na asubuhi ile hakutanguliza wapelelezi wa kutosha kupekua vichaka.

Pigeni picha ya msafara huo kwenye njia ya miguu. Watu zaidi ya 500, mmoja nyuma ya mwenzake. Hata ukimpa kila mtu mita 2 tu, bila kuhesabu punda, ni zaidi ya kilomita 1. Kwa kipimo chenu ni sentimita 200 na ushei, na meza yenu ina sentimita 180. Msafara hauenei mezani! Msiuone huo kama upungufu wa meza. Huo ndio mtego wenyewe. Mkia wa msafara unapaswa kuwa nje ya meza, usione kinachotokea kichwani, kama ilivyokuwa. Luteni Tettenborn alikuwa na walinzi wa nyuma. Alisikia mlio wa bunduki mbele, akashika mahali pa juu, akapandisha bendera na kukusanya walionusurika. Yeye ndiye mchezo wa pili ndani ya mchezo wa kwanza, na nitamrudia.

Hivyo basi, pangeni sanamu 32 za askari katika mstari mwembamba unaofuata njia. Ekeni 8 nje ya meza, ndio walinzi wa nyuma. Kati ya 24 zilizobaki changanyeni punda na wapagazi. Bombomu na mizinga ziwe zimefungwa mizigoni. Mchezaji wa Kijerumani akitaka kuzitumia, atumie zamu 2 nzima kuzifungua na kuzisimamisha, na katika zamu hizo watu wanaozihudumia wasifanye jambo jingine. Mtaona wenyewe ni mara ngapi zitawahi. Bunduki za askari zilikuwa Mauser za mfano wa 1871, za kutia risasi moja moja na zenye baruti ya moshi mwingi. Kwa hiyo kikosi kilichofyatua zamu hii kiwekeeni pamba mbele yake. Zamu ijayo, akifyatua kupitia moshi wake mwenyewe, ni 6 tu inayoua. Mdogo wako aliyetaka kupunguza makali ya bunduki amepata haki yake hapo, ila kwa sababu inayoonekana mezani, si kwa kumhurumia Mkwawa.

Wahehe wasiwekwe mezani kabisa. Kateni vipande 15 vya karatasi. Vipande 9 viandikeni nyuma idadi ya watu, vingine 6 viacheni vitupu. Anayemchezesha Mkwawa avipange kifudifudi kokote kwenye mawe na vichaka, si karibu na njia kuliko sentimita 6. Mwenzake anaona karatasi tu. Ni kichaka kilicholala watu 10, au ni kichaka chenye kwale? Atajua akipeleka mtu kuangalia, na kumpeleka mtu kunagharimu muda.

Na hapa mchezaji wa Mkwawa anapata kazi ya kichwa ambayo kanuni zenu zilimnyima: ashambulie lini? Akiwahi mno anauma kichwa cha nyoka na mwili unamgeukia. Akichelewa mno, mchezaji wa Kijerumani anagundua karatasi yenye watu na kuanza kujipanga. Habari zilizobaki zinasema ishara ya Wahehe ilikuwa mlio wa bunduki, na simulizi moja inadai kwamba kilichowafyatua ni risasi ya ofisa wa Kijerumani aliyempiga ndege, Wahehe wakadhani ndiyo ishara. Kama ni kweli au kumetiwa chumvi, kwa mchezo ni zawadi. Kila zamu msafara unapotembea, mwamuzi arushe dadu 2. Zikitoka 1 zote mbili, risasi imelia kwa bahati mbaya na Wahehe wote wanainuka hapohapo, msafara uwe umefika wanapotaka au la. Uwezekano ni 1 kati ya 36, mdogo, lakini utaona mchezaji wa Mkwawa anavyouma kucha.

Mmegundua nimetaja mwamuzi. Nyinyi mko watatu, hesabu imetimia: mmoja Mkwawa, mmoja Zelewski, mmoja anatunza siri. Mwamuzi ndiye anayejua mkia wa msafara uko wapi na unasikia nini. Mapigano yakianza, kila zamu anarusha dadu kwa ajili ya walinzi wa nyuma, na ikitoka 4 au zaidi wanaingia mezani. Usimruhusu mchezaji wa Kijerumani aamue kwa niaba yao, maana Zelewski hakuweza. Yeye alikuwa mbele juu ya punda wake, na alikufa kwa mkuki, inasemwa wa kijana wa miaka 16 hivi, mapema kabisa. Kikosi kilichompoteza mkubwa wake kisubiri zamu moja bila amri. Ni mateso madogo, lakini yanafundisha mengi kuliko ukurasa wa takwimu.

Lipo tatizo moja ambalo bado hamjalifikia, nami lilinikuta mezani kwangu. Nilipounda Lugalo yangu ya kwanza, nilijiona fundi. Karatasi za siri, moshi wa pamba, punda wa udongo, kila kitu. Nikamkalisha mpwa wangu awe Zelewski. Akaitazama meza, akaona njia, akaona mawe, akacheka, akasimamisha msafara wote na kutuma watu kupekua kila kichaka kimoja baada ya kingine. Ilipofika saa ya chai alikuwa bado hajasogea sentimita 20. Nikamuuliza vipi, akanijibu, "Mjomba, hii si Lugalo?" Kila Mtanzania aliyesoma darasa la historia anajua kilichotokea. Zelewski peke yake ndiye hakujua, na huwezi kumlazimisha mtu asahau.

Nilijaribu kumwekea kanuni kwamba haruhusiwi kupeleleza. Ilikuwa mbaya zaidi, maana nilikuwa nimefanya kwa Mjerumani kosa lilelile ambalo kanuni za kizungu zinawafanyia Wahehe: nilimnyima kichwa. Dawa niliyoipata ni hii. Pangeni safari ya siku 3, yaani meza 3 fupi, mandhari tofauti kila moja. Mchezaji wa Mkwawa achague kwa siri ni siku ipi atashambulia, au asishambulie kabisa. Mchezaji wa Kijerumani apate alama kwa kila siku anayomaliza mapema na apoteze alama kwa kila zamu anayopekua vichaka, kwa sababu chakula cha msafara ni cha kuhesabu na gavana Dar es Salaam anasubiri taarifa ya ushindi. Siku ya kwanza atapekua sana. Siku ya pili, asipoona mtu, atapekua kidogo. Siku ya tatu ataanza kutembea kama Nyundo. Uzembe wake utakuwa wa kwake mwenyewe, na akipigwa hana wa kumlaumu. Mpwa wangu nilimpata siku ya tatu. Mara iliyofuata yeye alichukua Mkwawa, akanipata siku ya kwanza.

Wapagazi. Nimeona hamkuwataja kabisa, na siwalaumu, hakuna anayewataja. Kati ya watu wa msafara ule, mtu 1 kwa kila 3 alikuwa mpagazi, na wapagazi karibu 100 waliuawa, wengi wao wakiwa na mizigo kichwani na hawana hata kisu. Askari waliokufa ni zaidi ya 200, Wazungu 10. Kwa kipimo chenu cha sanamu 1 kwa watu 10 mnahitaji wapagazi 17. Watengenezeni, na wawe na kazi mezani: shambulizi likianza wanatupa mizigo na kukimbia, na wakikimbia wanakata mistari ya askari, wanaziba njia ya bombomu, wanamfanya askari ashindwe kufyatua. Mchezo bila wao unawapa Wajerumani msafara mwepesi ambao hawakuwahi kuwa nao. Wakazi wa Dar es Salaam wanaonunua nyanya Kariakoo kila siku wanatamka jina la jeshi la wapagazi la vita vya 1914, Carrier Corps, bila kujua. Sisi tunaocheza vita hatuna udhuru huo.

Kuhusu nani alikuwa askari, msipake wote rangi moja ya mawazo. Wengi walikuwa Wasudani, na wengine waliletwa kutoka Msumbiji na kuitwa Wazulu. Walikuwa wanajeshi wa mshahara, mbali na kwao, na hawakuwa waoga. Kanuni ya moyo iwe sawa kwa pande zote: kikosi kilichopoteza theluthi ya watu kirushe dadu, kisimame au kikimbie. Nisingempa Mhehe moyo wa ziada kwa sababu ni Mhehe, wala kumpunguzia askari kwa sababu ni wa kukodiwa. Tofauti iletwe na mahali walipo. Mtu aliyevamiwa ubavuni akiwa mwendoni, hata angekuwa simba, moyo wake unapungua 1.

Sanamu si shida kubwa. Zile za Kizulu za plastiki zinapatikana kirahisi kuliko za Kihehe. Ngao ndefu ya ngozi inafaa, maana Wahehe waliazima mengi ya kivita kutoka kwa Wangoni, na Wangoni chimbuko lao ni kusini. Manyoya ya kichwani na mikia ya ng'ombe kwenye miguu yakateni kwa wembe, kisha mviringishieni kila mmoja kipande cha tishu kilicholowa gundi nyeupe, kikikauka ni nguo. Mezani, kumbukeni ni Agosti: nyasi zimekauka, rangi ni ya ufagio wa chelewa na si ya kiwanja cha mpira. Chelewa zenyewe zikikatwa fupi ni nyasi nzuri kuliko za dukani. Mawe mnayo ya kweli nje ya mlango, mkiwa Iringa mtanunua mawe ya nini?

Sasa nimrudie Tettenborn, maana bila yeye mtajiuliza nani ameshinda. Kama ushindi wa Mjerumani ni kumpiga Mkwawa, mchezaji wake atakata tamaa mapema na kuanza kucheza ovyo. Mpeni lengo analoweza kulifikia: kila askari na mpagazi anayefika kwa walinzi wa nyuma na kutoka mezani akiwa hai ni alama 1. Mchezaji wa Mkwawa naye asishinde kwa kuua tu. Apate alama kwa bunduki anazoteka, na apoteze alama kwa kila mtu wake anayeanguka. Lugalo ilikuwa ushindi mkubwa lakini haikuwa bure. Makadirio ya Wahehe waliokufa yanaanzia 60 na kupanda hadi mamia ukihesabu waliokufa baadaye kwa majeraha. Mchezaji anayeona alama zake zikimwagika ataanza kuuliza maswali ambayo Mkwawa lazima alijiuliza jioni ile.

Bunduki zilizotekwa zilikuwa karibu 300. Hapo mniruhusu niwachomekee bao. Katika bao la Kiswahili, kete unazozila hazitupwi pembeni kama za drafti; unazipanda upande wako, zinakuwa zako, zinakufanyia kazi. Kanuni za sanamu karibu zote ni za drafti: aliyekufa ameondoka. Lugalo ilikuwa bao. Tunzeni hesabu ya bunduki zilizotekwa, halafu jiulizeni swali gumu zaidi: nani anajua kuzitumia, na risasi zake zikiisha zitatoka wapi?

Nije kwa bibi. Kwanza, hajakosea, na msimjibu kwamba ni mchezo tu. Sanamu zenu zinasimama mahali pa watu wenye wajukuu wanaoishi Iringa leo, na pengine bibi ni mmojawapo. Kichwa chenyewe cha Mkwawa kilichukuliwa Ujerumani, kikatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kikarudi 1954, na sasa kipo Kalenga kwenye jumba la makumbusho, safari fupi kutoka mlangoni kwenu. Sisemi msicheze. Nasema yapo mambo ambayo mimi siyawekei dadu. Maji Maji, kwa mfano. Shambulio la Mahenge la 30 Agosti 1905, watu waliopewa maji ya Kinjikitile wakienda mbele ya bombomu, nimeombwa mara nyingi nilitengenezee kanuni, na kila mara swali la kwanza la mwombaji ni "maji yampe mtu ulinzi wa dadu ngapi?" Hapo huwa nafunga daftari. Tena waliokufa Maji Maji wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Sanamu ya milimita 28 ya mama anayekufa njaa sijaiona, na nikiiona sitainunua.

Lugalo ni tofauti, kwa macho yangu. Ni pambano la watu wazima wenye silaha, lililoamuliwa kwa akili kuliko kwa chuma, na akili hiyo ndiyo mnayojaribu kuielewa. Bibi akiona mara 7 mfululizo Wahehe wanakufa kikondoo mezani kwenu, lazima aseme mnachezea maiti, kwa sababu kweli mlikuwa mnachezea maiti: kanuni zilishawaua kabla hamjaanza. Mkishapanga upya, mwombeni awe mwamuzi siku moja. Kazi ya mwamuzi ni kujua siri, kunyamaza na kuwakatalia wachezaji. Sidhani kama mna mtu anayeiweza kuliko yeye. Akikataa, basi amekataa, na siku akiwa na wageni sebuleni meza ifunikwe kitambaa.

Mkishaimudu Lugalo mtataka Kalenga, najua. Hiyo ni 30 Oktoba 1894, Wajerumani wamerudi na mizinga, Tom von Prince anaongoza wanaopanda ukuta, na safari hii Mkwawa ndiye amekaa mahali pamoja akisubiri kufuatwa. Ngome inaanguka, yeye anaponyoka na kuendelea kupigana porini hadi 19 Julai 1898. Mtu yuleyule aliyemshika Nyundo kwa kumficha asilolijua, miaka 3 baadaye alikaa nyuma ya ukuta unaoonekana kutoka mbali. Kwa nini? Sitawajibu, chezeni. Ila msianze na sanamu mpya: Wahehe waliosalia kwenye Lugalo yenu, pamoja na bunduki mlizoandika daftarini, ndio mtakaowaweka nyuma ya ukuta wa Kalenga.